Daktari aliyeacha wagonjwa akaenda kuchunguza "kamasi" za msituni: huyu de Bary alikuwa na akili gani?

#1 Mchimba Chumvi
Wakuu salaam.

Juzi mdogo wangu wa kidato cha tano alinitwisha swali lake la Baiolojia, likanifikisha kwa mtu ambaye sikuwahi kumsikia. Heinrich Anton de Bary, Mjerumani, kazaliwa Frankfurt tarehe 26 Januari 1831. Baba yake daktari. Naye akasomea udaktari, akaanzia Heidelberg, akapita Marburg, akamalizia Berlin mwaka 1853. Akarudi kwao kutibu watu. Kidogo tu, hata dawa hazijaisha kabatini, kaondoka kwenda Tübingen kufundisha botania, yaani elimu ya mimea. 1855 yuko Freiburg kwenye nafasi aliyoiacha mtaalamu wa mimea Nägeli. Umri miaka 24!

Mtu kuacha kazi hakunishangazi, hata mimi nimeacha tatu. Kilichonishangaza ni alichokifuata. 1859 anatoa kazi yake kubwa kuhusu ule ute wa njano unaotokea kwenye magogo yaliyooza na majani makavu, utadhani mtu kamwaga uji wa mtoto. Akang'ang'ania kwamba ule ute si uyoga wala mmea, uko karibu zaidi na wanyama wadogo kabisa. Akaupa na jina: Mycetozoa, yaani uyoga-wanyama.

Swali langu: msomi, mtoto wa daktari, ana kazi ya heshima mjini. Nini kinamtoa hapo kwenda kukodolea macho kamasi za msituni?

#2 Nyundo ya Mwisho
Kwao walikuwa na hela. Uzi umeisha, tuendelee na mengine.

#3 Shuka la Mgeni
Siti ya mbele, karanga mkononi.

#4 Dada Hadubini
Mchimba Chumvi, asante kwa uzi. Ila hapo pa "nini kilimtoa" naona umeruka mtu mmoja. Frankfurt palikuwa na daktari anaitwa Georg Fresenius, tabibu aliyekuwa pia anafundisha botania kwenye taasisi ya Senckenberg. De Bary akiwa bado kijana wa shule alikuwa anafuatana naye kwenda porini kukusanya mimea na kuvu. Kwa hiyo ugonjwa aliupata kabla ya chuo. Udaktari ulikuwa njia tu, maana zama zile ukitaka kusoma botania kwa kina mlango wake ulikuwa kitivo cha tiba.

Ushahidi ni kwamba mwaka uleule wa 1853 alipopata udaktari, alitoa pia kitabu kuhusu kuvu wanaosababisha magonjwa ya kutu na fugwe kwenye nafaka. Na tasnifu yenyewe ya udaktari ilihusu uzazi wa mimea! Huyo hakuwa tabibu aliyebadilika. Alikuwa mtu wa mimea aliyepitia hospitali.

#5 Nyundo ya Mwisho
Dada Hadubini, hujapinga hoja yangu. Mtoto wa kajamba nani hapewi daktari wa kumtembeza porini kuokota uyoga. Hela.

#6 Kijana wa Makambako
Huo ute naujua vizuri wakuu. Nyumbani tuna shamba la miwati, na pale tunapobandulia magome na kuacha mabaki, mvua za Desemba zikipiga unakuta asubuhi kitu cha njano kimekaa juu ya takataka, kikubwa kama sahani ya chai. Jana yake hakikuwepo. Ukikigusa kinanata kama ute wa bamia. Kesho yake kimekauka juu, kimekuwa kama ganda la mkate, ukikipiga teke linatoka vumbi la kahawia kama ugoro.

Bibi alikuwa anatukataza kukikanyaga. Akisema ni matapishi ya mbwa mgonjwa.

#7 Shuka la Mgeni
Bibi yako na Waingereza lao moja. Na wao wanakiita hivyohivyo, matapishi ya mbwa.

#8 Mchimba Chumvi
Kijana wa Makambako, hapo pa magome ya miwati umenigusa bila kujua. Wajerumani wa zamani walikiita "Lohblüte", maana yake ua la magome ya kulainishia ngozi. Kwenye viwanda vya ngozi walikuwa wanarundika magome ya mwaloni yaliyokwisha kutumika, na juu ya yale marundo ndipo kilipochanua. Wenye kiwanda wanakiona kila msimu, hawana habari nacho. Miwati si ndiyo hiyohiyo kazi yake, magome ya ngozi? Basi wewe na de Bary mna kiwanja kimoja.

#9 Kijana wa Makambako
Duh. Kumbe nimezaliwa kwenye maabara.

#10 Maabara ya Kijiji
Swali la kizushi wakuu. Nimeona mahali kwamba huo ute jina lake la kitaalamu ni plasmodiamu. Mimi nimekaa miaka 11 nasoma slaidi za malaria, plasmodiamu ninayoijua inakaa ndani ya chembe nyekundu za damu. Hii ya kutambaa kwenye magogo imetokea wapi? Au de Bary ndiye aliyegundua malaria tukadanganywa?

#11 Mzee Pima Maji
Malaria inatokana na vitu vilivyooza, wazee walisema zamani.

#12 Dada Hadubini
Mzee Pima Maji shikamoo, ila hapana. Malaria ni mbu.

Maabara ya Kijiji, hujakosea kuona jina moja, ila la kwanza kulipata ni ute. Mwaka 1863 mtaalamu mmoja anaitwa Leon Cienkowski, naye alikuwa kwenye utafiti huuhuu wa akina de Bary, ndiye aliyeuita mwili wa ute ule "plasmodium". Daktari Mfaransa Laveran akaja kukiona kimelea cha malaria kwenye damu mwaka 1880. Halafu 1885 Waitaliano wawili, Marchiafava na Celli, walipokiangalia kinavyojikunjakunja ndani ya chembe ya damu, wakakipachika jina Plasmodium kwa sababu kiliwakumbusha vitu vya namna ile. Ni mwazimo wa jina tu, undugu hakuna. Yaani kila anayeandikiwa "mRDT chanya" (kile kipimo cha malaria) kwenye cheti, jina la ugonjwa wake lilianzia kwenye ute.

#13 Maabara ya Kijiji
Hii nilikuwa siijui kabisa. Kula heshima yako. Kesho naiwasha kazini.

#14 Mkaazi wa Kinangop
Habari zenu, mimi ni jirani kutoka Kenya. Huyu de Bary sisi wakulima wa viazi tunapaswa kumjua kwa jambo lingine. Ndiye aliyethibitisha chanzo cha ule ugonjwa unaokausha shamba la viazi kwa siku chache ukungu na baridi vikishuka. Nyinyi mnauitaje?

#15 Kijana wa Makambako
Kwenye semina maafisa ugani wanasema bakajani chelewa. Shambani tunasema ukungu, basi.

#16 Mkaazi wa Kinangop
Huo. Mwaka juzi ulinipiga ekari moja na nusu. Jumapili nimetoka kanisani majani ya kijani, kama mafuta yamedondoka hapa na pale tu, madoa meusi kidogo. Alhamisi shamba lote limelala, na ile harufu. Anayeijua ile harufu haisahau. Dawa niliyouziwa na duka fulani (sitaji) ilikuwa maji ya rangi.

Sasa rudisheni akili Ulaya mwaka 1845. De Bary ana miaka 14, viazi vinaoza Ubelgiji, Uholanzi, Ujerumani, halafu Ireland ndiyo ikaangamia, watu kama milioni moja walikufa kwa njaa na maradhi. Wasomi wanabishana: wengine wanasema ni hali ya hewa, wengine viazi vimezeeka, na wale wanaouona ukungu juu ya jani wanaambiwa huo umekuja baada ya jani kufa. De Bary akachukua majani mazima, akayawekea spora (vumbi la uzazi la ule ukungu) kwenye unyevu, akakaa kuangalia kwenye hadubini zinavyopasuka, zinatoa vijidudu vinavyoogelea, vinaingia ndani ya jani. Majani yasiyowekewa yakabaki salama. 1861 akatoa kijitabu. 1876 ndipo akaliweka lile jina linalotumika hadi leo, Phytophthora infestans. Phytophthora ni Kigiriki, mharibu mimea.

Kwa hiyo jibu langu kwa Mchimba Chumvi: njaa. Mtoto aliyeona njaa ile akiwa na miaka 14 hawezi kuridhika kutibu mafua ya matajiri wa mjini.

#17 Nyundo ya Mwisho
Jirani hapo umetunga filamu. Mtoto wa daktari Frankfurt alilala njaa lini?

#18 Mkaazi wa Kinangop
Sikusema alilala njaa. Nimesema aliona. Ni vitu viwili.

#19 Mchimba Chumvi
Hoja ya njaa ni nzito, lakini tatizo langu liko palepale: ute wa njano haulishi wala hauui mtu. Kama kiu yake ilikuwa njaa ya watu, angekaa na viazi na ngano tu. Kamasi za nini?

#20 Dada Hadubini
Ndiyo utamu wenyewe. Kwa sababu ili ujue kama ukungu unazaliwa na jani linalooza au unatoka nje, lazima ufuate maisha ya kiumbe kimoja kuanzia spora mpaka spora bila kupepesa macho. Enzi hizo wengi bado waliamini vitu vya namna hii vinajitokeza vyenyewe kwenye uchafu. Ute ulikuwa darasa zuri, kwa sababu unakua mkubwa, unaonekana, na unabadilika mbele ya macho yako.

Alichukua lile vumbi la kahawia (Kijana wa Makambako, lile unalopiga teke), akaliweka kwenye tone la maji. Spora ya uyoga wa kawaida ikiota inatoa uzi mwembamba. Hizi hazikutoa uzi. Ganda linapasuka, kinatoka kitu laini kinajinyonganyonga, dakika si nyingi kina kamkia, kinaogelea. Baadaye vinakuwa kama amiba, vinameza chembechembe. Uyoga haumezi, uyoga unafyonza. Kumeza ni tabia ya mnyama. Ndipo akasema hawa si kuvu.

Kabla yake Fries, yule Mswidi baba wa uyoga, mwaka 1829 alikuwa amewaweka kundi moja na wale uyoga wa mviringo wanaotoa moshi ukiwakanyaga. Ukitazama kwa macho hata mimi ningewaweka huko.

#21 Bi Mdogo wa Pangani
Nauliza kwa upole. Mnasema ute, mara kamasi, mara uyoga-wanyama. Kiswahili chake hasa ni kipi? Mwanangu atafundishwa neno gani?

#22 Shuka la Mgeni
Ukungu telezi.

#23 Mzee Pima Maji
Kuvu ute.

#24 Dada Hadubini
Mzee, hilo "kuvu" ndilo alilokuwa analikataa de Bary miaka 160 na ushee iliyopita 😂 Na "ukungu" vilevile.

#25 Bi Mdogo wa Pangani
Basi iteni kitambaazi.

#26 Kijana wa Makambako
Kitambaazi nimelipenda. Bibi abaki na matapishi yake.

#27 Mtoro wa Stuttgart
Wadau, nimechelewa, huku nilipo ndiyo natoka zamu. Nisahihishe kidogo na niongeze.

Kwanza, tusimfanye Mjerumani wa mfano. Ukoo wa de Bary ulikuwa wa Waprotestanti waliokimbia mateso ya dini kutoka sehemu ambazo leo ni Ubelgiji, wakatulia Frankfurt vizazi vingi nyuma. Ndiyo maana jina halifanani na akina Müller. Huku jina la namna hiyo mpaka leo linaulizwa "unatoka wapi hasa?", mimi ninalijua swali hilo.

Pili, Nyundo ya Mwisho anasema hela. Mimi nasema serikali. Kutoka Freiburg alikwenda Halle 1867, halafu 1872 akapelekwa Strasbourg. Huo mji Wajerumani walikuwa wamewanyang'anya Wafaransa kwenye vita ya 1870 na 1871. Wakataka chuo kikuu cha kuonyesha ubavu wao, wakamwaga fedha, wakaita vichwa. De Bary akawa ndiye rekta (mkuu) wa kwanza wa chuo kile kipya, ana miaka 41. Mtafiti wa kamasi anakaa kiti kile kwa sababu dola inataka kujionyesha. Hapo ndipo maabara yake ikavuta wanafunzi kutoka kila pembe, Warusi, Waingereza, Wamarekani, Wapolandi.

Strasbourg leo ni Ufaransa. Nimefika, kwenye treni kutoka huku ni kama saa moja na kitu.

#28 Nyundo ya Mwisho
Serikali = hela. Nakushukuru kwa kuunga mkono hoja.

#29 Mtoro wa Stuttgart
Hahaha. Lakini kitambaazi alikiandika 1859 kabla ya fedha za Strasbourg. Jibu hilo.

#30 Mpiga Ramli wa Korogwe
Mbona hamsemi alifika Amani, kile kituo cha Wajerumani cha utafiti wa mimea kule Usambara? Mjerumani wa mimea yeyote alipita Amani. Babu yangu alifanya kazi kule.

#31 Dada Hadubini
Mkuu, Amani ilianzishwa 1902. De Bary alifariki Strasbourg tarehe 19 Januari 1888. Angefika kwa jeneza.

#32 Mpiga Ramli wa Korogwe
Sawa nimekubali. Ila wanafunzi wa wanafunzi wake lazima walifika.

#33 Mtoro wa Stuttgart
Hilo la wanafunzi wa wanafunzi ukilitafutia majina tutalisoma. Lakini lipo jambo lake moja linalogusa nyumbani bila yeye kufika: kutu ya ngano. Alionyesha mwaka 1865 kwamba ile kutu ya shina la ngano ina nyumba mbili. Nusu ya maisha yake inakaa kwenye ngano, nusu kwenye kichaka cha miiba kinaitwa baberi. Ukichukua spora za kwenye bua la ngano ukaweka kwenye jani la baberi, zinachipuka vikombe vya rangi ya chungwa. Ukichukua vumbi la vile vikombe ukaweka kwenye nafaka, kutu inarudi. Hakuna aliyewahi kuonyesha kwa hatua kwamba kuvu mmoja anaweza kuhama mwenyeji namna hiyo.

Na baberi ya kwetu ipo, Berberis holstii, inaota milima ya Afrika Mashariki, Usambara ikiwamo. Mpiga Ramli, huenda babu yako alichomwa na miiba yake.

#34 Mkaazi wa Kinangop
Na kutu yenyewe ipo. Ile aina waliyoipa jina Ug99 ilionekana Uganda 1998, ikaja kwetu. Njoro ndiko wanakojaribia mbegu za ngano kutoka nchi nyingi kuona zipi zinaistahimili.

#35 Mzee Pima Maji
Sasa mimi nipinge kidogo. Mnamsifu mno kijana huyu. Wakulima walijua habari ya baberi na ngano zamani. Ufaransa, mji wa Rouen, sheria ya kung'oa baberi ilitoka 1660. Na kuna mwalimu wa shule wa Denmark, Schøler, mwaka 1816 alisugua vumbi la baberi kwenye nafaka akaona kutu inatokea. Wasomi wakamcheka. Akaja de Bary na koti lake, sifa zote kapewa yeye. Hata kiazi, Mwingereza Berkeley, mchungaji wa kanisa, alisema 1846 kwamba ni ukungu ndio unaoua. Tusiwasahau.

#36 Shuka la Mgeni
Mzee kaja na faili 🔥 alikuwa anatuvizia na ile malaria yake.

#37 Dada Hadubini
Mzee Pima Maji shikamoo tena, hapo nimenyoosha mikono, ni kweli. Nitajitetea kwa kitu kimoja: kujua na kuthibitisha si sawa. Mkulima wa Rouen alijua baberi ina nuksi. Hakujua kinachopita katikati ni nini. De Bary alikifuata kile kinachopita hatua kwa hatua.

#38 Mzee Pima Maji
Marahaba. Mkulima hakuwa na hadubini, binti yangu. Angekuwa nayo angefuata.

#39 Nyundo ya Mwisho
Na hadubini inanunuliwa na nini? NASUBIRI.

#40 Bi Mdogo wa Pangani
😂😂 Huyu hatoki hapo.

#41 Mchimba Chumvi
Mzee kanikumbusha mgogoro mwingine wa sifa. Lile neno simbiosisi ambalo kila mwanafunzi anakariri, anayesifiwa ni de Bary. Alitoa hotuba mwaka 1878 kwenye mkutano wa wanasayansi mjini Kassel, ikachapwa Strasbourg 1879. Akalielezea kuwa ni kuishi pamoja kwa viumbe visivyofanana. Ila Mjerumani mwenziwe, Albert Bernhard Frank, alikuwa ametumia neno la mzizi huohuo mwaka 1877 akizungumzia yale mabaka ya kijivu kwenye mawe na magome, ambayo ni kuvu na mwani wameshikana.

Halafu shuleni tunafundishwa simbiosisi ni kusaidiana, nyuki na ua. De Bary hakusema hivyo. Kwake hata kupe na ng'ombe wamo. Kuishi pamoja, awe anakufaa au anakunyonya.

#42 Bi Mdogo wa Pangani
Basi ndoa yangu ya kwanza ilikuwa simbiosisi kamili.

#43 Shuka la Mgeni
Bi Mdogo 😂😂😂 nani alikuwa kupe?

#44 Bi Mdogo wa Pangani
Turudi kwenye mada.

#45 Maabara ya Kijiji
Nimeiwasha kazini, mganga mkuu wetu kanibishia nusu saa kuhusu lile jina mpaka akaenda kutafuta mwenyewe. Amerudi kimya.

Mimi nina nadharia yangu ya kwa nini aliacha udaktari, na naisema kama mtu wa hospitali. 1853 daktari alikuwa na nini mkononi? Hakuna dawa ya maambukizi, hakuna anayejua kipindupindu kinaletwa na nini kwa uhakika, mpasuaji hanawi mikono. Unamtazama mtu anakufa, unaandika. Mimi nimewahi kukaa kituo ambacho vitendanishi viliisha miezi miwili. Slaidi ipo, hadubini ipo, rangi ya kupakia hakuna. Mama analeta mtoto ana homa, namwambia nenda mjini. Baada ya wiki ya tatu nilikuwa natamani niangalie hata maji ya bwawa, ilimradi nione kitu nikimalize. Kitambaazi unaweza kukimaliza. Unakiona kinaanza, unakiona kinaisha, na hakikulilii.

#46 Mchimba Chumvi
Hii imenikaa.

#47 Mkaazi wa Kinangop
Pole sana kaka. Lakini ndio bado nasema njaa.

#48 Mtoro wa Stuttgart
Maabara, nadharia yako naipenda ila ina tundu: Dada Hadubini kaonyesha #4 kwamba kitabu cha kutu kilitoka mwaka uleule aliohitimu. Hakuwahi kukaa wodini muda wa kutosha kuchoka.

#49 Maabara ya Kijiji
Wodini huhitaji muda mrefu.

#50 Shuka la Mgeni
Wanafunzi mliowataja ni akina nani? Wapo wenye majina?

#51 Mtoro wa Stuttgart
Wapo. Winogradsky, Mrusi, alikuwa kwenye maabara ya Strasbourg anachunguza bakteria wa salfa wakati mwalimu wake anafariki, baadaye akaja kuonyesha bakteria wa udongoni wanaogeuza amonia kuwa naitreti. Anayetumia mbolea anadaiwa naye. Millardet, Mfaransa, alipitia kwake akiwa kijana, na 1885 akatangaza mchanganyiko wa mrututu na chokaa kwa ukungu wa mizabibu. Wakulima mnaujua.

Ila wa kitambaazi hasa ni Rostafiński, Mpolandi. Alichukua kazi ya mwalimu akaipanga, aina kwa aina, kitabu kinene, miaka ya 1870. Na akakiandika KIPOLANDI. Wakati huo Poland yenyewe haipo kwenye ramani, imegawanywa na madola matatu. Ulaya nzima ikitaka kujua kitambaazi inabidi itafute Mpolandi wa kuisomea. Mwingereza Cooke alilazimika kutafsiri vipande 1877 ili wenzake waambulie.

#52 Bi Mdogo wa Pangani
Huyo ndiye wangu. Tena mngemwanzishia uzi wake.

#53 Kijana wa Makambako
Wakuu, mvua imeanza huku na kimetokea! Leo saa kumi na mbili na nusu asubuhi, juu ya maranda ya mbao nyuma ya banda la kuku. Nimechomeka vijiti viwili pembeni yake kama alama.

#54 Dada Hadubini
Angalia kila baada ya saa moja. Kikiwa bado kibichi kinasogea, sentimita moja hivi kwa saa kikijisikia. Tafuta mishipa pembeni. Ukiwa na lenzi utaona maji ya ndani yanakimbia upande mmoja, yanasimama, yanarudi. Na kumbuka kile chote ni seli MOJA. Viini vyake vya seli havihesabiki lakini ukuta wa kugawa ndani hakuna.

#55 Nyundo ya Mwisho
Seli moja ukubwa wa sahani? Hapo mnatupiga.

#56 Dada Hadubini
Ndiyo, moja. Mwaka 2000 Mjapani Nakagaki na wenzake waliweka ndugu yake, Physarum polycephalum, kwenye vichochoro vya kupoteana, chakula huku na huku. Akatoa mikono yote, akaikunja ile isiyofika, akabaki na njia fupi. 2010 wakapanga vipande vya chakula kama miji inayozunguka Tokyo, mtandao aliouchora ukakaribiana na wa reli. Bila ubongo. Na Ujerumani kwenyewe hawajaacha: Karen Alim, Munich, 2021 yeye na mwenzake Mirna Kramar walionyesha kwamba kumbukumbu ya mahali palipokuwa na chakula inakaa kwenye unene wa ile mishipa. Mshipa ulionenepa ndiyo kumbukumbu yenyewe.

#57 Shuka la Mgeni
Apewe tenda ya barabara za Dar.

#58 Mpiga Ramli wa Korogwe
Kwa hiyo mwisho wa yote ni mnyama au si mnyama?

#59 Dada Hadubini
Si mnyama, si mmea, si kuvu. Leo yuko na amiba. De Bary alikosea kidogo upande wa mnyama, lakini alipatia kumtoa kwenye kuvu. Wataalamu wa mimea walimng'ang'ania kwenye vitabu vyao kwa miaka mingi baada ya hapo, na hata sasa wanaomchunguza wengi ni watu wa uyoga.

#60 Mtoro wa Stuttgart
Na cha kuchekesha: yule muuaji wa viazi, Phytophthora, naye leo si kuvu. Ukoo wake uko karibu na mwani wa kahawia. De Bary anaitwa baba wa elimu ya kuvu, na viumbe wake wawili maarufu wote wamehamishwa nyumba.

#61 Mchimba Chumvi
Basi na mimi nisahihishwe, nilitaka kuandika alikufa na miaka 57. Kumbe 56, kilibaki wiki moja tu. Uvimbe wa taya. Mwaka uliotangulia alikuwa amesafiri hadi Manchester kwenye mkutano wa wanasayansi, aliporudi hali ikawa mbaya, akapasuliwa, haikusaidia. Daktari kwa cheti.

#62 Maabara ya Kijiji
Ndiyo ninachosema. Udaktari wa wakati ule.

#63 Nyundo ya Mwisho
Kijana wa Makambako tuletee majibu ya vijiti. Hapo sina cha kusema kuhusu hela.

#64 Kijana wa Makambako
Majibu: saa mbili kilikuwa hakijafika kijiti cha kwanza. Saa tatu na nusu kimekipita, nimepima kwa rula ya mtoto, sentimita moja na kidogo. Upande wa mbele umefanya kama upindo wa kitenge, nyuma kumebaki vijia vya njano kama mizizi. Lenzi sina, nimetumia miwani ya mzee, sikuona kinachokimbia.

Saa tano nimeenda dukani, kurudi kuku wamepekua pote. Kijiti kimoja sikioni.

#65 Mzee Pima Maji
Kuku wamekula?

#66 Kijana wa Makambako
Hawajala mzee. Wametawanya tu.